Sura ya Tano: Mbona Barafu Yangu ya Matunda Inakuwa Jiwe?

Mtu akinunua friji kwa mara ya kwanza, wiki haiishi kabla hajajaribu kutengeneza barafu za matunda. Anasaga embe, anaongeza maji ili ipatikane nyingi, anatia sukari kidogo kwa kubana matumizi, anamimina kwenye vikombe, analala. Asubuhi anakuta kitu ambacho kijiko hakiingii. Watoto wakikinyonya, utamu wote unatoka dakika za mwanzo, halafu wanabaki na kipande cheupe kisicho na ladha yoyote. Ndipo linapokuja swali ambalo akina mama wa Tunduma, Mlowo na Vwawa wanaulizana kila mwaka jua linapokuwa kali: mbona ya kwangu inakuwa jiwe, na ile ya dukani inalainika mdomoni?

Wengi hudhani siri ni mashine, au dawa fulani inayotiwa kiwandani. Mashine zinasaidia, ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya siri iko mikononi mwa mpishi, na jina lake ni maji: yako kiasi gani kwenye mchanganyiko, yanaganda vipi, na yametoka wapi. Ukiyatawala maji kwa njia hizo tatu, friji ya kawaida ya nyumbani inatosha.

Joto la huku lina majira yake

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una hali ya hewa zaidi ya moja. Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba watu hutoka asubuhi wakiwa na makoti. Ukiteremka kwenda Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, unashuka hadi karibu mita 800, na joto la huko ni jingine kabisa. Lakini pande zote mbili hukutana mwishoni mwa kiangazi. Kuanzia mwezi wa tisa hadi mvua zinapoanza, kwa kawaida mwezi wa kumi na moja, jua linachoma, vumbi linapanda, na foleni ya malori kuelekea mpakani Nakonde, upande wa Zambia, haina kivuli. Huo ndio wakati wa barafu.

Bahati nzuri, matunda yanafika. Ndizi na parachichi zipo karibu, za Mbozi kwenyewe na za Rungwe. Mwishoni mwa mwaka maembe hujaa sokoni. Ubuyu na ukwaju, kwa kuwa ni vikavu, hupatikana mwaka mzima. Tunda lililoiva sana, lile ambalo muuzaji analitoa kwa bei ya kutupa jioni, ndilo linalofaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu sukari yake imeshakomaa. Hakikisha tu halijaoza wala kuchacha.

Maji matupu na maji yenye sukari

Karibu kila tunda ni maji kwa sehemu kubwa. Katika gramu 100 za embe, kama 83 ni maji. Tikiti linafika 91 au zaidi. Ndizi ina 75 hivi. Kwa hiyo unapogandisha juisi, unagandisha maji yaliyobeba vitu vingine, na vitu hivyo ndivyo vinavyoamua kama utapata barafu laini au ngumu.

Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yakiwa na sukari, huhitaji baridi zaidi ili yagande. Chembe za maji zinapotaka kupanga foleni ziwe barafu, chembe za sukari huingia katikati na kuivuruga foleni hiyo. Mchanganyiko ambao robo ya uzito wake ni sukari huanza kuganda nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Hata ukiuweka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, maji yake hayagandi yote. Sehemu hubaki kama shira nzito katikati ya vipande vidogo vya barafu. Shira hiyo ndiyo inayoruhusu kijiko kuingia.

Sasa tazama kile kipande cheupe wanachobaki nacho watoto. Maji yanapoganda hutengeneza fuwele, yaani vipande vya barafu ambavyo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu maalumu. Ndani ya fuwele sukari haina nafasi, wala rangi, wala ladha ya tunda. Vyote husukumwa pembeni. Mtoto anaponyonya anavuta ile shira ya pembeni, na kinachosalia ni maji yaliyoganda peke yake. Maji yakizidi na sukari ikipungua, fuwele huwa kubwa na shira huwa kidogo. Aliyeongeza maji ili apate barafu nyingi ameongeza kile kipande cheupe, basi.

Jambo la pili ni mwendo wa kuganda. Mchanganyiko ukiganda polepole bila kuguswa, fuwele hupata muda wa kukua, na ulimi huzisikia kama chenga za mchanga. Ukiganda haraka, au ukikorogwa wakati unaganda, fuwele huvunjika zikiwa changa na barafu huwa laini. Mashine ya kiwandani hufanya kazi hiyo hiyo: hugandisha huku inakoroga na kuingiza hewa. Nyumbani utakoroga kwa uma.

Na usidanganywe na ulimi wako. Baridi hupunguza utamu tunaousikia. Juisi yenye utamu wa kutosha kwenye glasi itakuwa chapwa ikiganda. Mchanganyiko wa barafu lazima uonekane umezidi utamu kidogo kabla haujaingia kwenye friji.

*Kwa ufupi:* maji mengi na sukari kidogo huleta ugumu. Kuganda polepole bila kukorogwa huleta chenga. Onja, kisha ongeza utamu kidogo kuliko unavyopenda.

Mwanafunzi aliyeweka maziwa ya moto

Hakuna nchi yenye haki zaidi kuliko Tanzania ya kuzungumzia kuganda kwa aiskrimu, na sababu yake ni kijana mmoja wa shule. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ndogo na wenye kuihitaji ni wengi. Mpemba alipoona mwenzake anawahi nafasi kwa maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa, aliamua kuingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi alikuta maziwa yake yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Aliuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na safari hii darasa likamcheka. Hakuacha. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alisimama mbele ya wenzake akauliza swali lile lile. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lipimwe kwenye maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza. Tangu hapo, hali ya maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi inaitwa duniani kote kwa jina la Mpemba.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine wanasema hutokea katika mazingira fulani tu, kutegemea chombo, mvuke unaopotea, hata barafu iliyo chini ya chombo ndani ya friji. Mimi naona heshima ya Mpemba haipungui hata kidogo kwa ubishi huo. Aliona kitu kwa macho yake jikoni, akauliza, akachekwa, akauliza tena.

Je, nawe uingize mchanganyiko wa moto? Nyumbani, hapana. Friji moja ina samaki, ina maziwa, ina mboga za kesho. Sufuria ya moto itapandisha joto la vyote hivyo na kuifanya mashine ihangaike. Poza kwanza kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kisha iweke kwenye sehemu ya chini ya friji kwa saa kadhaa. Mchanganyiko ukiingia kwenye friza ukiwa tayari wa baridi, huganda haraka, na tumeshaona faida yake.

Tunda gani linalainika lenyewe

Matunda hayako sawa mbele ya baridi. Tikiti ni tamu kulila likiwa zima, lakini kwa barafu ni mtihani, maana ni maji tu. Ukitaka kulitumia, lichanganye na ndizi. Chungwa na nanasi ziko katikati. Zinahitaji sukari ya kutosha na kukorogwa mara nyingi.

Embe lina nyama nzito na sukari yake, kwa hiyo linasamehe makosa. Chagua lisilo na nyuzi, au lichuje.

Ndizi ndiyo rafiki mkubwa wa asiye na muda. Chukua ndizi mbivu zilizoanza kupata madoadoa, zimenye, zikate vipande, zigandishe usiku kucha, kisha zisage kwenye blenda bila maji. Mwanzoni zitakatika kama chenga. Endelea, zima mashine, sukuma pembeni kwa mwiko, washa tena. Ghafla zitageuka kuwa laini kama aiskrimu, bila sukari wala maziwa. Kama blenda ni dogo na haliwezi vitu vigumu, acha vipande vikae nje dakika tano kwanza.

Parachichi lina mafuta, na mafuta hayagandi kwa namna ya maji. Ndiyo maana parachichi lililosagwa kwa ndimu, sukari na maziwa kidogo hutoa barafu laini kuliko zote. Wapo wanaoshangaa kulila tamu, kwa kuwa wamezoea kulipaka kwenye mkate na chumvi. Wajaribu mara moja kabla ya kukataa, hasa watu wa Mbozi ambao wanayaona yakipakiwa kwenye magari kwenda mbali wakati wa msimu.

Nimeuweka ubuyu mwisho kwa sababu naupenda kuliko yote. Unga mweupe unaozunguka mbegu una pektini nyingi. Pektini ni kile kitu ndani ya matunda kinachofanya jamu ishikamane. Kwenye barafu huzuia maji yasitembee ovyo na kujijengea fuwele kubwa. Barafu ya ubuyu iliyotengenezwa vizuri ni nzito, chachu, na inaganda kwa ulaini ambao rangi na ladha za paketi haziwezi kuufikia. Kule pwani huukoroga na tui la nazi, na mafuta ya tui yanazidisha ulaini. Ukwaju una uchachu mkali zaidi lakini hauna uzito huo, hivyo huhitaji sukari zaidi.

Barafu ya embe, hatua kwa hatua

Kipimo hiki kinatoa kama lita 1 na nusu. Kikombe ninachosema ni cha robo lita.

- Rojo la embe lililosagwa: lita 1
- Sukari: robo kilo
- Maji yaliyochemshwa: kikombe 1
- Ndimu: 2
- Chumvi: kiasi cha kubana kwa vidole viwili

Weka maji na sukari jikoni, koroga mpaka sukari iyeyuke yote, yachemke, epua. Hiyo ndiyo shira. Sukari ikitiwa ikavu kwenye juisi baridi, nyingine hubaki chini ya chombo na haifanyi kazi yake. Shira ikipoa, changanya na embe, ndimu na chumvi. Ndimu inaamsha ladha ya embe, na chumvi ile kidogo inaukuza utamu. Onja. Weka kwenye friji ipoe kabisa.

Mimina kwenye chombo kipana chenye kina kifupi. Cha bati au cha chuma ni bora kuliko cha plastiki, kwa sababu chuma kinapitisha baridi upesi. Kikae kwenye friza kwa dakika 45, kisha kitoe. Pembeni patakuwa pameanza kuganda. Kwangua kwa uma, koroga pamoja na katikati, rudisha. Rudia kila nusu saa, mara tatu au nne, mpaka iwe nzito ya kushindwa kukorogeka. Hapo ifunike na uiache igande. Kabla ya kula, iache nje dakika tano mpaka kumi.

Anayetaka lambalamba za vijiti amimine kwenye vikombe baada ya kukoroga mara ya mwisho, achomeke vijiti. Vijiti vitasimama vyenyewe kwa kuwa mchanganyiko umeshakuwa mzito.

Ukitumia juisi nyepesi kama ya pasheni au ukwaju, kuna kipimo cha zamani cha wapishi. Chota kidogo kwenye glasi, tumbukiza yai bichi lililooshwa. Likizama, sukari haijatosha. Likielea na kuonyesha ganda la ukubwa wa sarafu ya shilingi 50, umefika. Likijitokeza zaidi ya hapo, ongeza juisi. Kilichokuwa kwenye glasi kimwage, usikirudishe.

Asali inaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya sukari. Sukari zilizomo ndani ya asali hushusha baridi ya kugandia kuliko sukari ya mezani, kwa hiyo hulainisha zaidi. Tumia robo ya kipimo tu, la sivyo utakula barafu ya asali na embe halitasikika.

Kuhusu vifuko vya kugandishia: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na vifungashio vya chakula vina masharti yake. Anayeuza anunue vifuko vilivyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Kwa matumizi ya nyumbani, vikombe vinavyooshwa vinatosha kabisa.

Huna friji?

Bado unaweza. Nunua barafu ya kutosha, ile ya mabonge wanayouza wenye mafriza, na chumvi ya mawe. Ponda barafu. Weka ndani ya ndoo kwa kipimo cha kilo 3 za barafu kwa kilo 1 ya chumvi, tabaka kwa tabaka. Katikati simamisha sufuria ndogo yenye mfuniko, yenye mchanganyiko wako uliopoa. Zungusha sufuria kwa mkono, na kila baada ya dakika chache funua ukwangue pembeni.

Chumvi hufanya kile kile kilichofanywa na sukari: huvuruga foleni ya maji. Barafu huyeyuka hata ikiwa chini ya sifuri, na katika kuyeyuka huvuta joto kutoka kwenye sufuria. Mchanganyiko wa barafu na chumvi unaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, baridi inayoizidi friza nyingi za nyumbani. Kwa nusu saa hivi utakuwa na barafu ya matunda, na kwa kuwa imekorogwa muda wote, mara nyingi inaishinda ile ya kwenye friji kwa ulaini. Angalia tu maji ya chumvi yasiingie ndani, wala usishike barafu hiyo kwa mkono mtupu muda mrefu, inaunguza ngozi.

Maji yametoka wapi

Sehemu hii naomba isirukwe. Watu wengi wanaamini baridi inaua vijidudu. Haiui. Inavilaza. Barafu ikiyeyuka mdomoni vinaamka, na tumbo linapokea kila kilichokuwa kwenye maji ya mwanzo. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara vyote hupita kwenye barafu chafu. Wakazi wa Tunduma wanalijua hili kuliko wengi: mlipuko wa kipindupindu ulioanza Zambia mwezi wa kumi mwaka 2023 ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kufunguliwa kwa shule za huko mwezi wa kwanza 2024 kuliahirishwa, na kati ya Tunduma na Nakonde watu huvuka kila siku kwa miguu.

Chemsha maji mpaka yatokote hasa, uyaache yatokote kwa dakika moja hadi tatu. Kwa kuwa Tunduma iko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Usiwe na wasiwasi, joto hilo linatosha kuua vijidudu vya maradhi haya. Osha matunda kabla ya kuyakata, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Osha blenda, pamoja na ile sehemu ya visu inayofunguka chini. Na mabonge ya barafu uliyonunua kwa ajili ya ndoo yabaki nje ya sufuria. Usiyatie kwenye kinywaji kama hujui maji yake yalichemshwa.

Umeme ukikatika

Acha mlango umefungwa. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi kwa saa 48 hivi. Iliyo nusu, kama saa 24. Kila ukifungua kuchungulia unapunguza muda huo. Chupa za maji zilizoganda ukizipanga kwenye nafasi tupu zitakusaidia kurefusha muda.

Barafu ya matunda matupu iliyolegea tu, ambayo bado ni ya baridi kali, unaweza kuikoroga ukaigandisha tena, ingawa chenga zitaongezeka. Ikiwa imeyeyuka lakini bado ni ya baridi, inywe kama juisi siku hiyo hiyo. Ile yenye maziwa, tui au parachichi, ikishayeyuka na kupata joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili, imwage. Usimpe mtoto, na kama unauza, usiirudishe kwenye friza ya kuuzia.